Ukinunua na kuuza keja kila mwaka, wewe ni mfanyabiashara

Kila nikishika simu siku hizi kuna mtu ananifundisha utajiri wa nyumba. Nunua keja Ruiru ama Kitengela, ishi humo kidogo, paka rangi, badilisha jikoni, uza, hamia ingine kubwa. Rudia mpaka ufike Karen. Hesabu yenyewe ni ya vidole: ilinunuliwa milioni 6, imeuzwa milioni 8.5, kwa hivyo "umeingiza milioni 2.5." Wueh.

Ningepita tu kama kawaida, lakini dadangu mkubwa na mumewe wameingia boksi. Wanataka kuuza nyumba wanayoishi ili waanze huo mzunguko, na sisi wadogo tumeombwa tuchangie kidogo kwa ile inayofuata. Kwa hivyo nilikaa chini nikasoma sheria, maanake na pesa yangu iko hapo.

Tuchukue hiyo hesabu ya video. Ukinunua nyumba mjini unalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani (mashambani ni 2). Kwa milioni 6 hiyo ni 240,000, na bila kuilipa taito haisomi jina lako. Weka wakili, tuseme 100,000. Weka mafundi na vifaa, 800,000. Ajenti wa kuuza akikata asilimia 3, 255,000 imeenda. Ile milioni 2.5 imebaki 1,105,000, na KRA bado hawajabisha mlango. Halafu ukinunua ingine, ushuru wa stempu unaanza upya. Kila kuhama ni asilimia 4 ingine.

Sasa KRA. Kuna kitu kinaitwa ushuru wa faida ya mtaji. Kenya iliusimamisha mwaka wa 1985, ikaurudisha Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Analipa muuzaji, na anatozwa kwa ile faida inayobaki baada ya kutoa gharama. Kwa mfano wetu ni 165,750. Lakini gharama unathibitisha na karatasi. Fundi uliyemlipa mkononi bila risiti, kwa KRA huyo hakuwahi kufika kwako. Ukikosa ushahidi wa ile 800,000, ushuru unapanda hadi 285,750. Kwa hivyo risiti ya tiles na ya sinki weka mahali pamoja na taito.

"Lakini si nyumba ya kuishi haitozwi?" Ndiyo, ila watu hukata hiyo sentensi katikati. Sheria inasema uwe umeishi humo miaka 3 mfululizo, ile miaka 3 iliyo kabla tu ya kuuza. Kumiliki peke yake hakutoshi. Ukihama ukaweka mpangaji halafu ukauza, umeikosa. Dadangu na shemeji wameishi kwao miaka 2 na miezi 4. Wakiuza leo, asilimia 15 ya faida inaenda. Wakivumilia miezi 8, hiyo faida ni yao yote. Miezi 8, wasee! Hiyo ni kusubiri tu, na hakuna video iliyowaambia.

Na bado sijafika pale panaponitisha. Hiyo asilimia 15 ni ya mtu aliyeuza mali yake. Sheria ya ushuru wa mapato inahesabu kama biashara hata shughuli yoyote yenye sura ya biashara. Haijaandika popote kwamba nyumba moja ni sawa na nne ni biashara. Wanaangalia nia yako uliponunua, ulikaa nayo muda gani, umerudia mara ngapi, na kama ulirekebisha ili uishi ama ili uuze. Wakiamua wewe ni mfanyabiashara, faida inaongezwa juu ya mapato yako mengine. Kwa mtu wa mshahara wa 80,000 kwa mwezi, ile 1,105,000 inaangukia kwenye kiwango cha asilimia 30. Hiyo ni 331,500, mara mbili ya hesabu ya kwanza. Na wewe unayejirekodi ukisema "hii ni keja yangu ya tatu ndani ya miaka minne," unawaandalia ushahidi na muziki juu.

Kuna ujanja utaambiwa: andikeni bei ya chini kwenye mkataba. Kwanza, hayo ni makosa, na mthamini wa serikali ana bei yake. Pili, anayeumia zaidi ni wewe mnunuzi. Tuseme umenunua milioni 7 mkaandika 5. Umeokoa 80,000 za stempu. Siku ya kuuza, karatasi inasema ulinunua 5, kwa hivyo unatozwa kwa milioni 2 za faida ambazo hukuwahi kuziona. Asilimia 15 yake ni 300,000. Huyo aliyekushauri atakuwa hashiki simu.

Na kabla ya ushuru kuna mambo ya sheria ambayo hayana njia ya mkato. Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na uwe na shahidi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke na mume, hata kama taito ina jina moja. Kama benki ina deni juu ya nyumba, lazima ilipwe ndiyo iachilie taito. Ukirudia haya kila mwaka, kila mara ni wakili mpya wa kulipa na miezi ya kungoja huku mkopo ukihesabu riba.

Sisemi biashara ya nyumba ni mbaya. Kama unataka kuifanya, ifanye ukijua ni biashara: weka vitabu, lipa ushuru wa biashara, piga hesabu na hiyo asilimia 30 ndani kabla hujanunua. Kinachoniudhi ni vijana kuuziwa biashara iliyovaa nguo za "nyumba yangu." Mtu akikuonyesha faida yake, mwombe akuonyeshe na risiti ya KRA. Akinyamaza, endelea kuscroll.