Tulichopigania Kwenye Zabuni

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Kaboni ogania iliyoyeyuka humo haizidi sana miligramu 1, na miligramu hiyo ndiyo kazi yangu. Ina maelfu ya aina za molekuli, za mikoko, za mwani, za vijidudu. Tunataka kujua delta ya Rufiji inaipa bahari nini.

Kwenye kikao cha manunuzi wenzangu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tusichukue spektromita ya tungamo ya kawaida, ya bei nafuu. Nilichora ubaoni molekuli mbili zinazofanana, ila moja ina oksijeni pale ambapo mwenzake ana kaboni moja na hidrojeni nne. Tofauti ya tungamo zao ni dalton 0.0364 tu. Mashine ya kawaida huzionyesha kama kilele kimoja, nawe hujui umeshika ipi. Salfa ikiingia, tofauti huweza kushuka hadi 0.0034, na matope ya mikokoni yamejaa salfa.

Zipo mashine za sumaku kubwa zinazotenganisha kuliko zote, lakini sumaku hiyo huishi ndani ya heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Nani angetuletea kila inapopungua? Tukachagua Orbitrap, ubunifu wa Alexander Makarov ulioingia sokoni mwaka 2005, isiyohitaji sumaku.

Proforma ya kwanza ya muuzaji ilikuja na mashine tupu. Mfadhili naye alikubali kulipia mashine, matengenezo hapana. Hapo sikulegeza kamba hata kidogo. Umeme ukikatika, pampu zinazoondoa hewa ndani ya mashine zikasimama, hewa huingia, na kuirudisha mashine katika hali yake huchukua saa nyingi, pengine siku. Tulidai UPS, mtambo wa naitrojeni, mkataba wa matengenezo, na fundi wetu afunzwe hapahapa. Barua zilienda na kurudi hadi vyote vikaandikwa.

Leo fundi huyo huchuja maji, huyatia asidi hadi pH 2, huyapitisha taratibu kwenye katriji inayonasa mada ogania na kuiacha chumvi ipite, kisha huzitoa molekuli kwa methanoli. Sampuli za masika na za kiangazi tunazipima wenyewe, na wanafunzi wa uzamili hukaa mbele ya mashine badala ya kusubiri barua pepe kutoka Ulaya.