Kumwomba Hakimu Ulinzi si Dhambi



Viongozi wa jumuiya mojawapo walinijia ofisini na swali lililokuwa limewagawa. Mama mmoja alikwenda kwa hakimu, akapewa amri inayomkataza mumewe kumkaribia. Je, aendelee kupokea Komunyo Takatifu? Je, abaki kuwa mweka hazina wa jumuiya? Ninalijibu hapa bila kutaja mtu wala jumuiya, kwa maana swali hili ni la wengi, na wanaoliuliza kwa sauti ni wachache kuliko wanaolinong'ona.

Jibu langu ni ndiyo, kwa yote mawili. Amri ya ulinzi si talaka. Haitengui ndoa, wala haimtangazi mume kuwa mhalifu. Na mwamini aliyetengana na mwenzi wake, asiyeingia katika muungano mwingine, hazuiliwi sakramenti kwa sababu tu ya kutengana huko.

Wengine watashangaa kusikia kwamba Kanisa limekwisha kuliona jambo hili zamani. Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1153 inasema kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa kawaida askofu huamua. Lakini kukiwa na hatari katika kuchelewa, anayeteswa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Angalieni busara ya kanuni hii: haimwambii mama asubiri barua ya askofu huku panga limeinuliwa. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 241, alifundisha kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa hata wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa mwenzi aliye dhaifu au watoto wadogo.

Sasa tuitazame sheria ya nchi yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili, uwe unatoka serikalini au kwa mtu binafsi. Mwaka 2015 Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Wengi hudhani kwamba ukatili ni kipigo tu, na kwamba asiye na jeraha hana kesi. Sivyo. Sheria hiyo inataja pia vitisho, matusi, kumfuatafuata mtu, kumnyima matumizi, kuharibu mali yake, kumrithi mjane kwa nguvu, na hata wakwe kuingilia ndoa. (Hili la wakwe huwachekesha watu ninapolitaja, kisha kicheko hukatika ghafla.) Haiwahusu wanandoa peke yao. Inawagusa wachumba, waliokwisha kuachana, na watu wa ukoo mmoja, hata mzazi mzee anayetishwa na mwanawe kwa sababu ya shamba. Wanaume nao wanaweza kuomba ulinzi huo.

Mwombaji huenda katika mahakama ya hakimu na kueleza kwa kiapo yaliyompata. Hatari ikiwa ya karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Baadaye mlalamikiwa huitwa naye ajitetee, kama ilivyo haki. Amri inaweza kumkataza kufika nyumbani au kazini kwa mwombaji, au kumtumia ujumbe. Akiivunja, hapo ndipo anapokuwa ametenda kosa la jinai. Kwa hiyo msifute ujumbe wa vitisho katika simu, hata kama unawatia aibu. Nendeni kituo cha polisi mkapate nambari ya OB, na aliyeumizwa aombe fomu ya P3 ijazwe na daktari mapema.

Najua hoja iliyosemwa katika jumuiya ile. Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakemea waamini wanaoshtakiana mbele ya mahakimu wasioamini. Ni kweli. Lakini Paulo alikuwa akisema juu ya madai ya mambo ya maisha haya, yale ambayo Mkristo anaweza kuvumilia kupunjwa. Hakusema juu ya uhai. Yeye mwenyewe alipotishiwa alifanya nini? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 23. Watu zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo wasile wala kunywa hata wamwue. Mtoto wa dada yake akasikia njama hiyo, akaja kumwarifu. Paulo hakumwambia kijana anyamaze ili jina la taifa lisichafuke. Alimwita akida, akampeleka kijana kwa jemadari, na usiku huohuo akasafirishwa kuelekea Kaisaria kwa ulinzi wa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Mtume mzima alikubali kulindwa na askari 470 wa kipagani, wala sioni mahali alipoungama jambo hilo kama upungufu wa imani.

Yupo pia yule mjane wa Luka, sura ya 18, aliyemsumbua kadhi kila siku akidai haki dhidi ya adui yake. Tunamhubiri kama mfano wa kusali bila kuchoka, na ndivyo Bwana alivyokusudia. Hata hivyo, Bwana hakuona vibaya kuchukua mfano wa sala kutoka kwa mwanamke aliyekuwa mlangoni pa mahakama.

Nawasihi msichukue jambo hili kama mjadala wa vitabu. Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni katika Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Polisi walieleza kwamba mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye aliingia pale nyumbani wakati yeye na watoto wakiwa kanisani. Alifariki tarehe 5 mjini Eldoret. Baba yake alisema malalamiko yalikuwa yamekwisha kufikishwa polisi.

Kwa hiyo sidai kwamba amri ya mahakama, peke yake, huzuia mkono wa mtu. Ni karatasi. Hupata nguvu pale ambapo askari wanaijua, jirani anaijua, na mlinzi wa lango anaijua. Hapa ndipo jumuiya inapohitajika, kuliko katika kuhesabu nani apokee na nani asipokee. Mmoja atunze nakala ya amri. Mwingine awe na kitanda cha ziada. Na wote wajifunze kutotaja alikolala mama huyo, hata anayeuliza akiwa shemeji mwenye machozi.

Nimeombwa pia niwaite wawili hao, niwaketishe na kuwapatanisha. Amri ikiwapo, sitafanya hivyo. Mtu hawezi kusema ukweli mbele ya anayemtisha, na ofisi ya paroko haimwondolei hofu. Nitaonana na kila mmoja peke yake, kwa siku yake. Kwa mume nina mlango ulio wazi: aje, tusali, aungame. Lakini ajue kwamba toba yake itaanza kwa kuitii amri ile, bila kutuma salamu kupitia kwa watoto wala kwa katekista. Kusamehewa anaweza kusamehewa akiwa mbali. Kanuni ya 1153 hiyohiyo inataka maisha ya pamoja yarudishwe sababu ya kutengana inapokoma, na kukoma kwake hakuthibitishwi kwa shada la maua.

Asiyejua namna ya kuandika hati ya kiapo aje ofisini. Mwanasheria wa kamati yetu ya Haki na Amani huwapo kila Jumanne alasiri. Asiyependa kuonekana apitie upande wa shule ya chekechea.