Herufi za Kwenye Daftari

Miaka ya themanini mgonjwa wa nje alikwenda hospitali na daftari lake. Alilinunua dukani, lile lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo daktari aliandika kila kitu: alichokiona, alichokishuku, dawa alizoagiza. Daftari lilikuwa mali ya mgonjwa, ila alirudi nalo nyumbani asiweze kusoma hata mstari mmoja.

Tuliofundishwa kulisoma ni sisi wa chuo cha uuguzi. Asubuhi mwalimu anaandika ubaoni, mchana tunaulizwa wodini tumezunguka troli ya dawa. OD, mara moja kwa siku. BD, mara mbili. TDS, tatu. QID, nne. Nocte, usiku. Stat, sasa hivi, si baada ya chai. PRN, ikihitajika, na hapo ndipo muuguzi alipotakiwa kutumia akili yake. Kilatini kitupu, wakati hata padri wa parokia alikuwa ameshaacha kusalisha kwa Kilatini! Kipembetatu kilisimama badala ya ugonjwa uliotambuliwa, na # ilikuwa mfupa uliovunjika. Vijana wa leo wanaiita hashtegi. Muda uliandikwa kwa sehemu za hesabu: 5/7 siku tano, 2/52 wiki mbili, 3/12 miezi mitatu.

Tulijiona kweli kweli. Bwenini tulitaniana kwa herufi hizo hizo: maharage TDS, nyama PRN, na PRN yenyewe haifiki.

Kilichotusumbua zaidi ni saa. Karatasi ya dawa ilifuata saa 24, kwa hiyo sindano ya kila baada ya saa sita ilipangwa 0600, 1200, 1800 na 2400. Mgonjwa anauliza nyingine ni saa ngapi. Umesoma 1800, unamjibu saa kumi na mbili jioni. Umesoma 1200, unamwambia saa sita mchana. Fanya hivyo alfajiri, ukiwa na usingizi wa zamu ya usiku na vitanda vimejaa wawili wawili. Dirisha la dawa nalo lilikuwa na lugha yake, 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, juu ya kikaratasi kilichofungiwa vidonge, na wapo waliofika nyumbani wakameza vitatu kwa mpigo.

Mtaani nikawa msomaji wa madaftari. Jioni mtu anabisha hodi, salamu ndefu, kisha daftari linatoka kwenye khanga au mfuko wa koti. Mzee mmoja alikuja mwezi Machi amenuna: daktari kamwandikia TCA 3/12, naye akaelewa kwamba ametupwa hadi tarehe 3 Desemba. Nilipomwambia ni kurudi tena baada ya miezi mitatu, akaanza kumlaumu daktari kwa mwandiko.

Miaka ya tisini madaftari hayakuchekesha tena. Ukimwi uliripotiwa nchini Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera, na kufikia miaka hiyo ya tisini hakuna wodi ambayo haikuujua. Lakini neno lenyewe halikuandikwa. Iliandikwa ISS, kwa maana ya kinga iliyoshuka, au RVD, ugonjwa wa virusi vya retro. Nia ilikuwa njema, kwani daftari hupita mikono mingi, kuanzia mume na mawifi hadi mtoto anayetumwa kulichukua. Ila siri ile ilimfungia nje mwenye daftari kwanza. Akina mama waliniletea, kidole juu ya herufi hizo tatu: "Hapa wameandika nini, mwanangu?" Utaratibu ulikuwa kwamba majibu anayatoa daktari, nami nilijibu nilivyofundishwa: rudi kwake, mama, akueleze. Wengine walirudi. Wengine waliniangalia usoni kidogo, wakafunga daftari, wakauliza habari za watoto. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na serikali, nikaanza kusikia watu wakisema CTC, kliniki ya tiba na matunzo, mchana kweupe, kituoni, kama wanavyotaja soko.

Leo hospitali nyingi zina kompyuta. Dawa inachapwa, na muuguzi kijana habishani na mwandiko wa mtu. Sililii mwandiko ule. Marekani, tangu 2004, Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali, kimepiga marufuku baadhi ya vifupisho, ikiwemo U ya yuniti, kwa sababu 10U ikiandikwa haraka husomeka 100, na mtu anachomwa insulini mara kumi ya kiasi chake. Vivyo hivyo 1.0, ambayo nukta ikififia inakuwa 10. Sisi U hiyo tulifundishwa kuiandika kwa fahari. Na OD yetu ya mara moja kwa siku, kwa daktari wa macho ni jicho la kulia.

Ninachokikosa ni hodi ya jioni. Hakuna tena anayeniletea daftari, maana herufi zimekuwa za kila mtu. Juzi kijana wa bodaboda, baada ya shikamoo, aliniambia ana UTI, hii ni ya tatu tangu mwaka uanze, na dawa anazo mfukoni. Nikamuuliza mkojo alipimwa wapi. Akacheka: "Kupima tena, mama? Duka la dawa wameniambia ni UTI." Nikamuuliza kama anajua UTI ni nini. Akapiga kiki, akasema ni ule ugonjwa wa UTI.