Piano Mlimani, Majani Mgongoni

Kericho, jioni. Mvua ya mchana imekatika na chai inang'aa. Kwenye mashamba haya makubwa mchumaji hupimiwa majani palepale shambani, kisha trekta huja kuyabeba. Usiku, chumbani kwangu, nikatazama The Music Box ya mwaka 1932. Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene, walianza enzi za filamu bubu wakaendelea hadi 1951. Hii ndiyo filamu yao iliyoshinda Oscar, mwaka wa kwanza tuzo hiyo kushindaniwa na vichekesho vifupi. Kazi yao ni moja tu: kupandisha piano kwenye ngazi 133, ambazo bado zipo Los Angeles. Nilicheka, nikalala.

Bomet, kesho yake, kupitia Litein na Sotik. Huku shamba ni la mwenye boma: chai kidogo, mahindi, ng'ombe wawili. Mama aliyenikaribisha hubeba majani mwenyewe hadi kituo cha kununulia, juu kileleni. Nilimsindikiza. Jani moja halina uzito, ila gunia lililoloa mvua linavuta mabega. Wala huwezi kulishindilia ili lipungue, kwani majani yakibanana hupata joto, yakawa mekundu, karani akayakataa.

Baada ya chakula nikamwekea yeye na watoto filamu ileile. Kiingereza chake hakikumzuia mtu. Sauti ilikuwa bado ngeni kwenye sinema, nao waliitumia vizuri ajabu: kila sanduku lenye piano linapoporomoka, nyuzi zinalia ndani yake, na watoto wanaanguka kwa kicheko. Vitimbi, vichekesho vya runinga, ni vyetu na navipenda, lakini utamu wa Mzee Ojwang wake, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Kijaluo, uko ulimini. Asiyezijua lafudhi zetu hupata nusu yake.

Mama hakucheka hadi piano ilipofika juu. Hapo tarishi anawaambia kuna barabara nyuma, wangepandisha kwa mkokoteni. Wale wawili wanainama, wanaanza kuishusha.

"Wanairudisha chini, mwanangu?" Akashika kichwa, akacheka hadi machozi. Kericho mimi nilikuwa nimecheka anguko; yeye alicheka safari iliyopotea bure, na ndiye aliyeielewa filamu.

Alfajiri nilimwona akipanda tena na gunia. Kituo kile kina njia moja tu.