Johnny Alikuwa Mtoto wa Nani?

Akina mama wenzangu, ni vizuri kujua watoto wetu wanasoma nini. Binti yangu wa kidato cha pili alipoazima kitabu kiitwacho The Outsiders, nilimwomba anipe na mimi nikisome ili nione kama kinamfaa. Nilikimaliza kwa siku mbili, usiku, baada ya kazi za nyumbani. Tangu hapo namfikiria kijana mmoja wa humo, Johnny Cade, kana kwamba ni mtoto wa jirani.

Kitabu hiki kiliandikwa na msichana. Susan Eloise Hinton, wa mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma, Marekani, alianza kukiandika akiwa na miaka 15, baada ya rafiki yake kupigwa njiani akitoka sinema. Kilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa na miaka 18. Jaladani liliwekwa jina S. E. Hinton, kwa hofu kwamba wahakiki wanaume wangekidharau wakijua aliyeandika habari za wavulana wanaopigana ni mwanamke! Mwaka 1983 kilifanywa filamu na Francis Ford Coppola, baada ya wanafunzi wa shule moja ya California na mkutubi wao kumwandikia barua ya kumwomba.

Mji wenye pande mbili

Magharibi ya mji wanakaa watoto wa matajiri, wanaoitwa Socs. Wana magari na nguo za gharama. Mashariki wanakaa maskini, wanaoitwa Greasers kwa sababu ya nywele zao ndefu zilizopakwa mafuta. Msimulizi ni Ponyboy Curtis, mvulana wa miaka 14 wa upande wa mashariki. Wazazi wake walikufa katika ajali ya gari. Kaka yake mkubwa, Darry, mwenye miaka 20, ameacha matumaini ya chuo, anafanya kazi mbili ili awalee wadogo zake wawili. Siku zote wanaogopa kwamba serikali itawatenganisha.

Johnny ana miaka 16. Wazazi anao, lakini baba humpiga na mama hamjali. Usiku mwingine hulala nje, kwenye kiwanja kitupu. Nyumba yake hasa ni lile kundi la wavulana wenzake. Watu wa mji wanaliita kundi la wahuni, ila kwa Johnny hapo ndipo penye watu wanaouliza amelala wapi.

Usiku mmoja Ponyboy anachelewa kurudi. Darry, kwa wasiwasi na hasira, anampiga kofi, naye anakimbilia nje na kumkuta Johnny. Vijana wa magharibi wanawavamia bustanini na kumzamisha Ponyboy kichwa katika maji. Johnny anachomoa kisu, na kijana mmoja aitwaye Bob anakufa. Wavulana hao wawili wanakwenda kujificha katika kanisa lililoachwa. Kanisa hilo linaposhika moto, wanaingia ndani kuwaokoa watoto wadogo. Johnny anaangukiwa na boriti, na baadaye anafia hospitali. Mama yake anapokuja kumwona, anakataa kuonana naye.

Hapo niliweka kitabu chini. Mama amefika, mtoto hamtaki! Mlango huo haukufungwa siku ile; ulikuwa umefungwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Lakini msidhani Bob alikuwa na heri. Rafiki yake anaeleza kwamba wazazi wa Bob hawakuwahi kumkatalia kitu. Alipokuja nyumbani amelewa, walijilaumu wenyewe, wakamwachia. Yeye alikuwa akingoja mtu wa kumwambia basi. Huku mtoto alikosa mkate na upendo; kule mtoto alishiba mkate, akakosa mzazi wa kumkanya. Wote wawili wamezikwa.

Darry ndiye aliyenifundisha. Ponyboy alifikiri kaka yake hampendi, mpaka alipomwona akilia hospitalini. Upendo ulikuwapo siku zote, tena mwingi, lakini ulisemwa kwa ukali tu. Ni wangapi kati yetu tunaowahangaikia watoto tangu alfajiri, nao wakasikia makemeo peke yake?

Pete na kiti

Johnny alikuwa na kovu usoni. Alilipata siku alipopigwa na Bob, aliyekuwa amevaa pete nzito vidoleni. Nilikumbuka mara moja Waraka wa Yakobo, sura ya 2, kuhusu mtu mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri katika kusanyiko, na maskini anayeambiwa asimame au aketi chini. Yakobo anaonya kwamba huko ni kupendelea watu, na ni dhambi.

Watoto hujifunza upendeleo huo wapi? Cherry, msichana wa magharibi, anazungumza na Ponyboy vizuri sana, kisha anamwonya kwamba huenda asimsalimie shuleni. Hana chuki. Anaogopa watu wake watasema nini. Hofu hiyo huanzia mezani petu, tunaposema, "Yule anakaa wapi? Baba yake anafanya kazi gani?"

Binti yangu aliniuliza, "Mama, sisi tungekuwa upande gani?" Nilimwambia kweli: mimi nilikulia katika chumba kimoja na ndugu watano, na leo tuna nyumba yenye uzio. Nimekaa pande zote mbili. Ndiyo maana rafiki yake, ambaye mama yake huuza mboga barabarani, anakula kwetu bila kuulizwa maswali, na binti yangu naye anakwenda kwao na kunywa chai yao. Jirani mmoja ameniambia najishusha. Nimemjibu kwamba sahani ni ile ile.

Jumapili hii, baada ya ibada, tazameni kando ya ukuta. Yuko kijana anayesimama peke yake. Mwulizeni jina lake, na amelala wapi. Bwana atujalie mikono ya kupokea, na midomo ya kuwaambia watoto wetu kwamba tunawapenda, wangali wanataka kutusikia.