Jena: Mji Uliorithi Kiwanda

Katikati ya nchi ya Ujerumani, katika jimbo la Thuringia, mto Saale hupita bondeni kati ya vilima vya mawe ya chokaa. Kando ya mto huo umejengwa mji wa Jena. Mgeni afikaye kwa gari la moshi hushuka katika kituo kiitwacho Paradies, yaani Peponi, kwa jina la bustani iliyo ukingoni mwa mto. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu mpaka katikati ya mji, na njiani atakutana na jina moja mara nyingi. Kuna uwanja wa Ernst Abbe, kuna chuo cha Ernst Abbe, kuna maktaba ya Ernst Abbe, na hata kiwanja cha mpira kilipewa jina hilo.

Mgeni huweza kudhani kwamba Abbe alikuwa mfalme au jemadari. La, alikuwa mwalimu wa hesabu aliyetengeneza vioo.

Katikati ya karne ya 19 Jena ulikuwa mji mdogo wa watu elfu chache. Sifa yake ilikuwa chuo kikuu, kilichofunguliwa mwaka 1558. Mwaka 1846 fundi mmoja, Carl Zeiss, alifungua humo karakana ya vyombo vya sayansi, hasa hadubini, chombo chenye vioo vinavyokuza vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Zeiss alikuwa fundi hodari, lakini kazi ya siku zile ilikuwa ya kubahatisha. Mafundi walisaga vioo, wakavijaribu kimoja baada ya kingine mpaka wakapata viwili vitatu vilivyopatana. Hakuna aliyejua kwa nini hadubini moja ilikuwa njema na nyingine mbaya.

Mwaka 1866 Zeiss alimwendea Abbe, aliyekuwa kijana wa miaka 26 akifundisha katika chuo kikuu, akamwomba atafute kwa hesabu kile ambacho mikono ilishindwa kukipata. Abbe alihangaika kwa miaka kadhaa. Mwishowe alivumbua jinsi nuru inavyofanya picha ndani ya hadubini, na mwaka 1873 akaitangaza kanuni inayoonyesha mpaka wa udogo wa kitu kinachoweza kuonekana. Kanuni hiyo imechongwa juu ya jiwe la ukumbusho wake mjini Jena. Tangu hapo kila hadubini ya Zeiss ilipigiwa hesabu kwanza kabla kioo hakijasagwa.

Likabaki jambo la kioo chenyewe, kwa kuwa kioo cha siku zile hakikutosha kwa hesabu za Abbe. Basi mwaka 1884 yeye na Zeiss walishirikiana na Otto Schott, bingwa wa kuyeyusha kioo, wakaanzisha kiwanda cha vioo papo hapo Jena. Hivyo mji ule mdogo ukawa na watu watatu waliotegemeana: mwenye hesabu, mwenye kioo na mwenye mikono.

Matunda ya kazi hiyo yalifika mbali. Dakta Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alitumia hadubini za Jena katika uchunguzi wake. Ni yeye yule aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale, akakaa katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Hata leo, mkulima anapopelekwa zahanati akiwa na homa, damu yake ikawekwa juu ya kipande cha kioo ili itafutwe malaria, chombo kinachoitazama kinafuata kanuni zilizopigiwa hesabu katika bonde la Saale.

MTOTO WA MFANYAKAZI

Viwanda vyenye kutajirisha wenyewe ni vingi duniani. Jambo linaloutofautisha mji wa Jena ni lile alilofanya Abbe baada ya kutajirika.

Abbe alizaliwa Eisenach mwaka 1840. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi, akisimama muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku bila mapumziko. Abbe mwenyewe alisimulia utu uzimani jinsi alivyokuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana. Mzee alikula upesi upesi amesimama, ameegemea mashine, kisha akamrudishia mtoto chungu na kuendelea na kazi. Alipofika miaka 48, alisema Abbe, baba yake alikuwa amezeeka kama kikongwe. Mtoto yule hakuisahau picha hiyo.

Mwaka 1888 Carl Zeiss alifariki dunia. Abbe angeweza kukifanya kiwanda kuwa mali ya ukoo wake. Badala yake, mwaka 1889 alianzisha wakfu, akauita kwa jina la Zeiss wala si kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 1891 akaukabidhi sehemu yake yote katika viwanda. Watu wa pwani wanajua vema maana ya wakfu: ni mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, bali faida yake itumike kwa kusudi lililoandikwa. Tangu siku hiyo Abbe akawa mtumishi wa kiwanda alichokuwa mmoja wa wenyewe, akipokea mshahara.

Sheria za wakfu zilitangazwa mwaka 1896. Mfanyakazi alipewa haki ya likizo yenye malipo, ya malipo ya uzeeni, na ya fidia akiachishwa kazi bila kosa. Mtu asibaguliwe kwa asili yake, dini yake wala chama chake. Na mkubwa wa kiwanda, hata awe nani, asipokee zaidi ya mara 10 ya wastani wa mapato ya wafanyakazi wazoefu. Mambo haya hayakuwa fadhila ya bwana mwema, ambayo huisha akiisha kufa. Yalikuwa haki iliyoandikwa, ambayo mfanyakazi aliweza kuidai.

Tarehe 1 Aprili 1900 kazi ya Zeiss ilipunguzwa kutoka muda wa saa 9 kuwa saa 8 kwa siku. Wenye viwanda wengi walidhani ni hasara tupu. Abbe, kwa desturi yake, alipiga hesabu. Alichunguza mapato ya wafanyakazi 233 waliolipwa kwa kadiri ya kazi waliyotoa, akaona kwamba kwa kila saa walitoa kazi zaidi kwa kiasi cha 16 katika kila 100. Kwa hiyo katika siku fupi walitoa kazi isiyopungua ile ya siku ndefu, tena wakabaki na nguvu za kurudi nazo nyumbani.

Faida ya kiwanda ililisha mji pia. Chuo kikuu kilipata fedha za majengo na walimu. Mwaka 1896 ulifunguliwa ukumbi wa kusomea, ambamo kila mtu, profesa au mchukuzi, aliruhusiwa kusoma magazeti na vitabu vya kila upande. Mwaka 1903 ikafunguliwa Nyumba ya Watu, yenye ukumbi mkubwa wa mikutano na muziki. Mwaka huo huo wafanyakazi wa Zeiss walianzisha chama cha mpira ambacho hucheza mpaka leo. Abbe alifariki mwaka 1905.

MAJARIBU

Je, sheria iliyoandikwa yatosha kumlinda mtu? Historia ya Jena yatujibu kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Hitler kiwanda kilitengeneza vyombo vya vita, na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine walifanyishwa kazi humo. Maneno ya Abbe yalikuwapo katika karatasi, lakini waliokuwa na nguvu hawakuyajali.

Mwaka 1945 majeshi ya Marekani yalifika kwanza, na yalipoondoka yakachukua mabingwa wa Zeiss na Schott kwenda nao magharibi. Kisha Warusi wakaja, wakang'oa sehemu kubwa ya mashine na kuzisafirisha kwao. Mwaka 1948 kiwanda kilitwaliwa na serikali. Kukawa na Zeiss mbili, moja magharibi na moja Jena.

Mtu angedhani kwamba mji umekwisha. Lakini aliyechukua mashine hakuweza kuchukua ustadi wote uliokuwa katika mikono ya wenyeji, na chuo kikuu kilibaki mahali pake. Kazi ya vioo ikaanza tena. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, maelfu ya watu wa Jena walipoteza kazi, na ilikuwa dhiki kubwa. Hata hivyo kampuni za Zeiss, Schott na Jenoptik zinafanya kazi huko, na wakfu wa Abbe ndio wenye Zeiss na Schott, ukiwa na makao yake Heidenheim na Jena. Kiwanda cha zamani kilichokuwa katikati ya mji kimegeuzwa kuwa maduka na madarasa ya chuo kikuu. Mahali waliposimama wasaga vioo, leo wamekaa wanafunzi na vitabu vyao.

Wazee husema wema hauozi. Jena yatufundisha kuongeza neno moja: wema hukaa zaidi ukiwekwa mahali ambapo watu wengi wanaweza kuufikia. Mashine za Jena zilichukuliwa, na mwenye kiwanda alibadilika mara kwa mara. Vilivyodumu ni chuo, ukumbi wa kusomea, na ustadi ambao baba alimwachia mwanawe. Mji wenye vitu hivyo waweza kunyang'anywa mengi, na bado ukaamka asubuhi na kuanza kazi.