Mzazi, mwachie mtoto zamu yake hata mvua ikinyesha

Zipo mbio za baiskeli nchini Marekani ambazo hazina mapumziko. Zinaitwa Race Across America. Huanza mwezi Juni katika mji wa Oceanside, pwani ya California, na kuvuka nchi nzima kuelekea mashariki, umbali wa takriban kilomita 4,800 kupitia majimbo 12. Kwenye Tour de France washindani hulala hotelini kila jioni. Huku, saa ikishaanza kuhesabu haisimamishwi mpaka mstari wa mwisho.

Zilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982 zilikuwa na wanaume 4 tu, kila mmoja akijitegemea. Mshindi, Lon Haldeman, alitumia siku 9 na saa 20 kutoka Santa Monica hadi New York. Siku hizi wapo pia wanaoshiriki kwa timu, wakipokezana kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Mmoja anakuwa barabarani, wengine wako kwenye magari. Timu nzima hupewa siku 9.

Timu moja ya watu 4 ilikuwa na baba wa miaka 51 na binti yake wa miaka 22. Wawili hao walikuwa jozi moja. Jozi nyingine walikuwa jirani yao na mdogo wake. Jozi moja inapofanya kazi kwa saa kadhaa, nyingine inalala ndani ya gari lenye vitanda ambalo hutangulia mbele. Ndani ya jozi, kila mmoja anaendesha dakika 20, kisha anampisha mwenzake anayemsubiri kando ya barabara. Gurudumu la mbele la anayekuja likishamfikia anayesubiri, zamu imebadilika.

Jangwa walilivuka salama. Milima ya Colorado nayo waliipanda, ukiwemo mpito wa Wolf Creek ulio zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Mtihani ukawangoja Kansas, ambako nchi ni tambarare na upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Ilikuwa saa nane usiku, wakikaribia Greensburg, mji mdogo ambao Mei 2007 ulisambaratishwa na kimbunga. Radi zilikuwa zimepita, lakini mvua ilikuwa inapigwa na upepo wa ubavuni kiasi kwamba baiskeli ilisukumwa kuelekea katikati ya barabara. Breki zikilowa hazishiki haraka. Mistari myeupe iliyopakwa kwenye lami inateleza kama sabuni. Nyuma ya mwendeshaji, gari la kusindikiza lilimmulikia njia, kama sheria inavyotaka usiku.

Baba alimaliza dakika zake 20. Mbele yake aliiona taa ya gari la pili, na binti akiwa amesimama pembeni na koti la mvua, helmeti kichwani, tayari. Baba hakupunguza mwendo. Alipiga kelele, "Rudi garini, naendelea!" Akapita.

Alifanya hivyo mara ya pili, kisha ya tatu. Kila mara binti alikuwa ameshashuka, ameshalowa, anarudi garini na kusogezwa mbele kwenda kusubiri tena. Waliokuwa kwenye gari la kusindikiza walimsihi baba apumzike. Akawajibu kuwa barabara ile haikuwa ya mtoto.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baridi haihitaji theluji ili imdhuru mtu. Nguo zikilowa na upepo ukavuma, mwili unapoteza joto haraka kuliko unavyolitengeneza. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, mtu anatetemeka, vidole vinakosa utii, ulimi unakuwa mzito. Baya zaidi, uamuzi nao unavurugika. Anayeganda ndiye wa mwisho kujua kuwa anaganda. Ndiyo maana kwenye timu kunakuwa na macho ya watu wengine.

Walipoupita mji wa Greensburg, mtu mmoja ndani ya gari alimuuliza baba kwa kipaza sauti ni kilomita ngapi zimebaki kufika Pratt. Jibu alilotoa halikueleweka. Wakamsimamisha. Alishindwa kufungua kamba ya helmeti yake mwenyewe. Walimvua nguo zilizolowa, wakamvalisha kavu, wakamfunika mablanketi na kumpa chai ya sukari anywe kidogo kidogo.

Sasa tazama hesabu yake ilivyokaa. Alitaka kumpunguzia binti dakika 20 za mvua. Kwa kuwa yeye hakuweza tena kupanda baiskeli, binti aliendesha peke yake karibu kilomita 40 zilizobaki hadi Pratt, ambako jozi nyingine ilikuwa inasubiri. Zilimchukua karibu saa mbili dhidi ya upepo ule ule, bila mtu wa kumpokea. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Usiku ule walilia wote wawili.

Binti alifika. Alikuwa amechoka, midomo imepauka, lakini mzima. Alipokaa pembeni ya baba yake, hakumpa pole kwanza. Alimuuliza, "Baba, ulikuwa unanionea huruma, au huniamini?"

Baba alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani ni kitu kimoja."

Asubuhi timu ilikaa na kupanga upya. Mvua ikinyesha, zamu inakuwa dakika 10 badala ya 20, na hakuna wa kupitiliza hata akijisikia vizuri. Anayetoka anabadilisha nguo kabla ya kufanya kingine chochote. Anayepumzika anapumzika kweli, maana usingizi wake ni mali ya timu. Na anayesema "nimechoka" haulizwi maswali.

Siku kadhaa baadaye mvua iliwakuta tena kwenye vilima vya West Virginia, kwenye miteremko yenye kona kali. Dakika 10 zilipofika, baba alipunguza mwendo na kumfikia binti. Binti akaondoka bila neno. Baba alisimama kwenye matope akiitazama taa nyekundu ya nyuma ikizama kwenye kona, mpaka wenzake walipomshika mkono kumrudisha garini akabadilishe nguo. Hawakushinda. Walimaliza ndani ya siku 9, wote wanne wakiwa wazima.

Nyumba nyingi zinaendeshwa na mtu kama baba yule. Mama anayeamka kila mtoto mchanga anapolia kwa sababu "baba yake hawezi". Baba anayeficha deni ili familia isihangaike. Kaka mkubwa anayemuuguza bibi peke yake huku wadogo zake wakiulizia hali kwa simu. Wanasifiwa kwa uvumilivu mpaka siku wanapoanguka, na siku hiyo mzigo wote unamwangukia mtu ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kuuzoea.

Wiki hii chagua zamu moja uiachie. Kijana apike chakula cha jioni, hata ugali ukitoka na madonge. Mwenzako aamke na mtoto usiku mmoja, nawe ulale kweli, usikae kitandani ukisikilizia kama anambembeleza vizuri. Wafanye hivyo wakati hali ya hewa bado ni nzuri. Mvua itakuja, na itakuwa vizuri ikukute una mtu wa kukupokea.